Dawa Iliyotaka Mafuta

Choa kilimwanza Gundi juu ya sikio la kushoto, pale pale ambapo wanamieleka hukandamizana vichwa mara mia kwa siku. Kilianza kama kijiduara cha kuwasha, akakikuna, akakipuuza. Wiki mbili baadaye kilikuwa kimeita ndugu zake, mmoja shingoni na mmoja mkononi, wote mviringo, wote wenye ukingo ulioinuka na kutoa magamba, na kile cha kichwani kilikuwa kimefyeka nywele na kujitengenezea uwanja. Wapo wanaouita ugonjwa huu mashilingi kwa sababu ya umbo lake. Jina zuri, ila hizi ni shilingi ambazo ukimpa mtu anakimbia.

Aligunduliwa mbele ya watu. Kocha wake, mtu mfupi mwenye masikio yaliyokunjamana kwa miaka ya kupigana mieleka, alikuwa na desturi ya kuwapanga wachezaji mstari kila Jumatatu na kuwakagua kucha, masikio na ngozi, akiwa mkali kuliko mwalimu wa zamu. Siku hiyo alifika kwa Gundi, akakiinamisha kichwa chake kwa kidole kimoja, akakigeuza kwenye mwanga. 

"Toka kwenye mkeka," alisema.

"Kocha, ni kipele tu."

"Kipele gani kinachorwa kwa bikari? Hicho ni choa, mwanangu. Ukilala hapo leo, wiki ijayo timu nzima inajikuna. Toka, na usirudi bila karatasi ya daktari."

Gundi alitoka. Wenzake wakampisha njia pana kuliko alivyohitaji.

Hilo lilimkata maini, na sababu yake si ndogo. Alikuwa na miaka ishirini na minne na miezi tisa. Mashindano makubwa yalikuwa baada ya wiki kumi, na mshindi wa kila uzito huchukuliwa kwenye kambi ya timu ya taifa. Kambi haipokei mtu mgeni aliyetimiza ishirini na tano. Mwaka juzi Gundi alizidi gramu mia mbili kwenye mizani, akarudishwa nyumbani hajamshika mtu hata kidole. Mwaka jana alifika fainali akabwagwa. Huu ulikuwa mwaka wake wa mwisho, na asubuhi ya mashindano, kabla ya mizani, kuna daktari anayekagua ngozi. Ukiwa na choa kilicho hai, unavaa viatu vyako unakwenda. Hakuna cha kuomba wala kulia.

Basi akakimbilia zahanati siku hiyo hiyo. Daktari alimkwangua ngozi kidogo kwa kisu butu, akapeleka maganda kupimwa, akarudi na jibu ambalo Kocha alikuwa amelitoa bure. Fangasi. Akamwambia kwamba dawa ya kupaka ingetosha kama tatizo lingekuwa la mkononi tu, lakini huyu wa kichwani amejichimbia kwenye mizizi ya nywele, na huko mafuta ya kupaka hayafiki. Lazima dawa imezwe, isafiri na damu, imfuate kwake. Akaandika vidonge vyenye jina refu, griseofulvin, kimoja kila siku baada ya chakula, wiki sita au zaidi.

"Wiki sita," Gundi alimwambia shangazi yake jioni, macho yanang'aa. "Nina kumi. Zinabaki nne, Shangazi. Nne nzima."

Shangazi alikuwa fundi wa sofa. Ndiye aliyemlea Gundi tangu darasa la tatu, katika nyumba ambayo sebule ilikuwa karakana na karakana ilikuwa sebule, na ukikalia kiti usikizoee, maana mwenyewe atakuja kukichukua Alhamisi. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye vidole vilivyochongoka kwa sindano na mdomo usiopumzika. Aliweka misumari midogo kati ya midomo akifanya kazi, na hata hivyo alizungumza.

"Sasa utafanya mazoezi na nani, kama hawakushiki?"

"Na ukuta."

"Ukuta hauna kiuno," Shangazi alisema, na kesho yake akaanza kushona.

Alichukua vipande vya ngozi vilivyobaki kwenye sofa saba tofauti, akashona mtu mzima mwenye mikono, miguu na kiuno cha kushikika. Ndani akamjaza sponji na mabaki ya vitambaa, na katikati akamtia mifuko ya mchanga. Walipompima alitimia kilo sabini.

"Mzito mno," Gundi alilalamika, akimburuta sakafuni. "Mimi uzito wangu ni hamsini na saba. Sitakutana na mtu wa sabini."

"Mume mwepesi wa nini? Huyu ni mkwe wangu, nimemchagua mwenyewe. Utamzoea."

Kuanzia hapo akaitwa Mkwe. Kila alfajiri Gundi alimshika kiuno Mkwe, akamkumbatia, akajaribu kumnyanyua, na Mkwe hakunyanyuka. Alimburuta, alimwangusha, alimgeuza. Kumnyanyua, hapana.

Haya, sasa tufike kwenye kosa, kwa sababu kosa lenyewe lilikuwa la kiwanamieleka hasa. Mtu mwingine asingelifanya hata angejitahidi. Gundi alipigana kwenye kilo hamsini na saba, lakini mwili wake, ukiachwa ujiendee, ulitaka kuwa na sitini na zaidi. Kwa hiyo kila mwaka, miezi mitatu kabla ya mashindano, alianza kujikondesha. Asubuhi chai ya rangi isiyo na sukari. Mchana tango. Jioni kabichi iliyochemshwa kwa maji matupu. Saa saba, jua likiwa utosini, alivaa masweta mawili juu ya koti la mvua akakimbia barabarani mpaka jasho lichuruzike viatuni. Mafuta aliyaogopa kuliko alivyowaogopa wapinzani. Shangazi akikaanga kitu, Gundi alitoka nje ili hata harufu isimguse.

Na vidonge? Alimeza. Hakuruka hata kimoja. Alitafuna tango lake mpaka mwisho, akasubiri dakika tano kwa heshima, akameza kidonge baada ya chakula kama alivyoagizwa. Kidogo akipigie saluti.

Wiki ya kwanza ikapita, hakuna dalili. Wiki ya pili, vivyo hivyo. Mwisho wa wiki ya tatu alisimama mbele ya kioo cha kabati la mteja, akageuza mgongo, akaona duara la nne chini ya bega. Alikaa sakafuni karibu na Mkwe akalia, na hakujificha.

Mwenzake mmoja wa mazoezi, binti wa kilo hamsini aliyekuwa rafiki yake kabla ya Jumatatu ile, alimtumia ujumbe wa simu. Alisema kuna vipodozi vya rangi ya ngozi, vya waigizaji, ukipaka mara mbili na poda juu hata mama yako haoni kitu. Kichwani angevaa wigi fupi. Gundi aliusoma ujumbe ule mara tano. Akamwonyesha Shangazi, akitumaini kukatazwa.

Shangazi alitema misumari kiganjani, jambo alilolifanya kwa nadra. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Na hapa hata si wewe utakayekufa, ni watoto wa watu watakaorudi nyumbani na choa chako. Vaa viatu."

"Tunakwenda wapi?"

"Kwa aliyetuuzia vidonge. Kama ni chaki, aturudishie chetu."

Mfamasia alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini na macho yasiyo na haraka. Alikiangalia kichwa, akaiangalia shingo, akamwacha Shangazi amalize kufoka. Kisha akahesabu vidonge vilivyobaki kwenye pakiti. Hesabu ilikuwa sawasawa.

"Unameza kila siku?"

"Kila siku."

"Baada ya kula?"

"Baada ya kula."

"Jana ulikula nini?"

"Tango," Gundi alisema.

Mfamasia akasubiri. "Na nini?"

"Na maji."

"Juzi?"

"Kabichi ya kuchemsha. Na yai, ule ute mweupe. Kiini nilimpa Shangazi."

"Nikakila," Shangazi alithibitisha.

Mfamasia aliweka pakiti juu ya kaunta taratibu sana, kama mtu anayejizuia asicheke mbele ya mgonjwa. "Mwanangu, dawa hii inapenda mafuta. Ikikuta tumboni kuna maziwa yenye krimu, karanga, yai zima, kitu cha namna hiyo, inachukuliwa vizuri na kufika kwenye ngozi na mizizi ya nywele. Ikikuta tango, sehemu kubwa inapita tu. Wiki tatu umekuwa ukiisindikiza chooni."

Gundi akajitetea. "Daktari alisema baada ya chakula."

"Alisema kweli. Huko anakotoka daktari, tango si chakula."

Shangazi aliangua kicheko kilichowageuza wateja wote wa foleni. Alicheka mpaka akashika kaunta. Mfamasia naye akasalimu amri, mabega yakamtikisika. Kisha akajifuta macho na kuendelea na maswali yake, maana kazi ni kazi.

"Una mimba, au unatarajia kupata karibuni? Dawa hii haifai kwa mjamzito."

"Labda ya Mkwe," Shangazi alisema. "Lakini yule ana mchanga tu."

"Hapana," Gundi alisema, masikio yakimwaka moto.

"Vizuri. Na jingine, usishinde juani. Ukiwa kwenye dawa hii ngozi inaweza kuungua upesi."

Gundi akayafikiria masweta mawili, koti la mvua, na jua la saa saba. Akaliona tango lake likiondoka, jua lake likiondoka, na nyuma yao kilo hamsini na saba zikifunga mizigo. Hata hivyo, na hili ndilo la ajabu, moyo ulikuwa unamdunda kwa furaha. Dawa haikushindwa. Haikuwa imeanza kazi kabisa. Zilibaki wiki saba, na tiba ilihitaji sita.

Alinunua maziwa duka la jirani, akayanywa palepale barazani, glasi nzima yenye utando wa krimu juu, akamezea kidonge. Zaidi ya mwezi mzima ulimi wake ulikuwa haujaonja kitu chenye mafuta. Alifumba macho. Shangazi alimtazama, akageuka upande akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Mwanzoni Gundi alitaka vyote viwili. Alikunywa maziwa kwa ajili ya dawa na kujinyima mengine yote kwa ajili ya mizani. Lakini mwili uliokaa na njaa muda mrefu hauna aibu, ukipewa kidogo unashika kote. Na bila zile mbio za jua, jasho halikutoka. Siku ya kumi mizani ikasema hamsini na tisa na nusu. Alishuka, akapanda tena kwa mguu mmoja, mizani ikakataa kuhongwa.

Siku hiyo hiyo Kocha alikuja karakanani na daftari la majina. Alisimama mlangoni, maana bado hakuwa ameruhusu hata viatu vyake viingie.

"Kesho napeleka orodha. Nikuandike hamsini na saba kama kawaida?"

Gundi alikuwa ametoka kujipapasa juu ya sikio. Kilichokuwa uwanja mtupu kilikuwa kimeota kitu. Alijipapasa tena. Vishina vya nywele, vifupi, vikali, vinachoma kidole. Alimkimbilia Shangazi akamshika mkono akauweka kichwani, na Shangazi akaacha sindano katikati ya mto akapapasa kama anakagua mshono.

"Zinaota," Shangazi alisema. "Wallahi zinaota."

"Gundi," Kocha aliita kutoka mlangoni. "Nikuandike wapi?"

"Sitini na mbili."

Kocha aliteremsha daftari. "Sitini na mbili kuna Greda."

Nani asiyemjua Greda? Alikuwa bingwa mara mbili mfululizo, mwenye shingo iliyoanza masikioni na kuishia mabegani, na wasichana wengine wa uzito ule walikuwa wameshaanza kuhamia michezo mingine. Alikuwa kambini tayari, na kila mwaka alirudi kukitetea kiti chake. Anayekitaka kile kiti sharti amtoe yeye.

"Najua kuna Greda," Gundi alisema. "Nikijinyima mafuta napona lini? Nikifika pale na kilo hamsini na saba na choa, nimefika wapi? Niandike."

Kocha aliandika. Alibonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Zile wiki zilizofuata ndizo Gundi atakazozikumbuka akiwa bibi kizee. Alikula. Shangazi alimlisha kwa hasira ya mtu aliyekataliwa chakula chake miaka sita. Mayai na viini vyake, karanga, parachichi, samaki wa kukaanga, maziwa asubuhi na maziwa jioni, na katikati ya yote hayo kidonge kimoja, mfalme kwenye machela. Duara la shingoni likapauka, likakauka ukingo, likatoweka. La mkononi likafuata. La mgongoni, lililochelewa kuja, liliwahi kuondoka. Foronya na taulo zake zilichemshwa peke yazo, kitana chake kikatupwa, na kofia ya mazoezi aliyoazima zamani, iliyoshukiwa kuwa chanzo cha yote, Shangazi aliichoma moto nyuma ya nyumba akiisemea maneno ambayo sitayaandika.

Na asubuhi moja ya wiki ya tano ya maziwa, Gundi alimshika Mkwe kiuno kama kila siku, akafunga vidole, akasukuma miguu sakafuni, na Mkwe akapanda. Kilo sabini zilimfika kifuani. Alisimama akimkumbatia hewani, hajui afanye nini naye. Alikuwa amezoea kushindwa tu.

"Shangazi!"

Shangazi alitokea na mswaki mdomoni. Akamwangalia mpwa wake akitetemeka chini ya mzigo ule, uso umevimba, anacheka.

"Mbwage basi," alisema. "Unasubiri mahari?"

Gundi akambwaga. Jirani akagonga ukuta.

Wiki moja kabla ya mashindano daktari wa zahanati alimkwangua tena, akapima, akaandika barua yenye muhuri: hakuna fangasi. Gundi aliibeba mpaka mazoezini ikiwa ndani ya plastiki. Kocha aliisoma akamfungulia mkeka. Lakini barua inasomwa na kichwa, haisomwi na mikono. Wenzake walimshika kwa ncha za vidole, kama wanamtoa panya mtegoni, na mazoezi yakiisha walikimbilia sabuni. Yule rafiki wa vipodozi alisema mgongo unamuuma. Gundi hakuwalaumu. Ila tangu siku ile ya mstari wa Jumatatu, ukimwondoa Shangazi, hakuna mtu aliyekuwa amemshika kwa nguvu, na mwanamieleka asiyeshikwa hukauka. Aliporudi nyumbani alimkumbatia Mkwe zaidi ya muda wa mazoezi.

Siku ya mashindano ukumbi ulinuka mpira na dawa ya kusafishia sakafu. Wasichana walipanga foleni mbele ya daktari mwenye kurunzi na bakuli la pamba zilizoloweshwa. Msichana wa mbele ya Gundi alipofutwa begani, pamba ilirudi na rangi ya kahawia, na chini ya rangi pakaonekana duara.  Daktari alionyesha mlango. Msichana alichukua begi lake, na Gundi akamsindikiza kwa macho mpaka mlangoni, kwa sababu yule angeweza kuwa yeye.

"Anayefuata."

Kurunzi ilipita shingoni, mkononi, mgongoni. Ikapanda juu ya sikio la kushoto ikasimama. Nywele za pale zilikuwa fupi kuliko zingine na ngozi ilikuwa imebaki na kivuli. Daktari alifuta kwa pamba. Ikarudi nyeupe. Akafuta tena.

"Hapa palikuwa na nini?"

Gundi alimpa barua. Daktari akaisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma upya.

"Vidonge?"

"Ndiyo. Wiki saba na maziwa." Akasita, akaona aseme ukweli wote. "Na tatu na tango."

 Uso wa daktari ukafunguka, akazima kurunzi. "Pita," alisema.

Mizani ilisoma sitini na moja na nukta nne. Alikuwa ameshiba. Hakuwahi katika maisha yake kupanda mkeka ameshiba, na alikuwa akirukaruka koridoni kama mtoto aliyefunguliwa mlango.

Alishinda pambano la kwanza. Akashinda la pili. Lakini habari husafiri upesi kuliko wenyewe, na wapinzani wote wawili walikuwa wamesikia. Walimshika kwa kusitasita, wakikwepesha kichwa, na yeye akawazunguka akawaangusha kwa urahisi. Mwamuzi aliuinua mkono wake, na Gundi hakuona utamu wowote. Ushindi wa kuogopwa ni chakula kisicho na mafuta.

Kisha wakaita fainali, na Greda akapanda.

Kwa karibu alikuwa mkubwa kuliko masimulizi. Walipeana mikono, filimbi ikalia, na Greda hakusita hata kidogo. Alikuja moja kwa moja, akamkamata Gundi nyuma ya shingo kwa kiganja kizima, akambana kichwa kwa kichwa, shavu kwa shavu, juu kabisa ya sikio la kushoto. Akasukuma. Gundi alihisi joto la mtu, uzito wa mtu, pumzi ya mtu inayonuka chungwa, na furaha ikampanda kooni nusura acheke kwa sauti. Wakati anafurahi akatupwa chini. Pointi mbili.

"Amka," Kocha alinguruma.

Aliamka, akatupwa tena. Nne bila. Alimsukuma Greda nje ya duara akapata moja, akamshika mguu akapata mbili nyingine, na Greda akamrudishia mbili papo hapo. Kipindi cha kwanza kikaisha sita kwa tatu. Pembeni Kocha alimmwagia maji kichwani bila kuogopa kichwa chenyewe.

"Unamwona mzito?" Kocha aliuliza.

Gundi alifikiri. Lilikuwa swali la kweli na alilipa jibu la kweli. "Hapana," alisema, akishangaa. "Ni mwepesi kuliko Mkwe."

"Basi unangoja nini?"

Kipindi cha pili Greda alilinda pointi zake, na kulinda alijua. Dakika moja ikapita, ya pili ikapita. Huko juu jukwaani Shangazi alikuwa amesimama juu ya kiti, na kwa desturi ya kazi yake alikuwa ameshakikagua kama kimefungwa vizuri. Zilibaki sekunde arobaini. Greda akaja tena na kile kiganja, shingoni, kichwa kwa kichwa, kwa kujiamini kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yake. Gundi hakukwepa. Aliingia ndani. Mikono ikazunguka kiuno, vidole vikafungana, na jina lake likafanya kazi yake. Greda alijitikisa, hakuachiwa. Akajitikisa mara ya pili. Gundi akasukuma miguu, miguu ya mayai na maziwa, na bingwa wa uzito wa sitini na mbili akapanda hewani, miguu inatafuta ardhi.

Safari hii Gundi alijua afanye nini naye.

Mwamuzi alilala kifudifudi, akachungulia mabega ya Greda, yote mawili yako chini, na kwenye mieleka mabega yakilala pointi hazihesabiwi tena, akapiga mkeka. Ukumbi ukalipuka. Gundi alibaki amemng'ang'ania Greda, filimbi ikalia, ikalia tena, mpaka mwamuzi akamgusa begani kumkumbusha kwamba yamekwisha. Jukwaani Shangazi hakupiga kelele. Alikuwa amekaa, ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili, na machozi yanampita kati ya vidole.

Walisimama wakisubiri mkono wa mshindi uinuliwe. Gundi hakuthubutu kumwangalia mwenzake. Greda ndiye aliyenyoosha mkono, akauweka juu ya sikio la kushoto la Gundi, mahali penye nywele fupi, akapapasa pole pole kwa kidole gumba.

"Wiki ngapi?" alinong'ona.

Gundi alimwangalia. "Saba."

"Mimi nane, mwaka juzi. Hapa nyuma ya kisogo. Kabla ya hapo nilikuwa hamsini na saba."

Mwamuzi alishika mikono yao. Gundi alihisi kicheko kinamjia tena, na safari hii hakikuwa na haja ya kuzuiwa.

"Ulikunywa maziwa?" aliuliza.

"Siagi ya karanga," Greda alisema. "Kijiko kwa kijiko. Mpaka leo siwezi hata kuiona."

Mkono wa Gundi ukapanda juu. Ule mwingine wa Greda ulibaki pale pale kichwani pa Gundi, mzito, wa moto, hauna haraka ya kuondoka.